Kitendawili Bila Tega

Kila Ijumaa na Jumamosi, kutoka Isebania hadi Mbita, kuna mtu ameshika maiki kando ya jeneza. Kaunti za Migori na Homa Bay hazina majumba mengi ya maigizo, na ukitafuta sinema Oyugis utazunguka stendi hadi uchoke. Lakini jukwaa lipo, tena la bure: hema mbili, viti vya plastiki, spika za kukodi, jenereta inayonguruma nyuma ya jikoni, na MC aliyelipwa ahakikishe ratiba inasonga, kazi ambayo hakuna MC aliyewahi kuiweza. Watasema ndugu, watasema wakwe, chama cha akina mama, kanisa, mwalimu mkuu mstaafu. Halafu magari manne meupe yanaingia na vumbi lake, na ratiba inazikwa kabla ya marehemu. Kama unataka kujua kwa nini mtu mmoja anasema na watu wanasikia, na mwingine anasema na watu wanatafuta chaja, usilipie kozi. Nenda matangani.

Nimekaa kwenye viti hivyo mara nyingi kiasi kwamba nimekuwa mkosoaji wa hotuba bila kuajiriwa na mtu. Siku moja pale Uriri nilisikia hotuba mbili zikifuatana, na tangu hapo nazitumia kama mizani.

Ya kwanza ilikuwa ya mjukuu wa marehemu, msichana wa kama miaka kumi na tisa. Sauti ya chini. Maiki ikapiga mluzi. Karatasi ilimtetemeka mkononi, na macho hakuyainua hata kidogo. Kwa vigezo vya mashindano ya shule, sufuri. Akasoma kwamba nyanya yake alizaliwa mwaka wa nzige. Kutoka hema la akina mama, ajuza mmoja aliyemzidi hata marehemu kwa umri akamkatiza, bila maiki: si mwaka wa nzige, ni mwaka uliofuata, mimi ndiye niliyembeba. Watu wakacheka. MC akainuka kutuliza mambo. Lakini msichana alishusha karatasi, akamgeukia yule ajuza, akamuuliza, "Basi dana, alikuwa mtoto wa aina gani?"

"Wa kulia," ajuza akasema. "Alilia mpaka siku alipoolewa."

Kuanzia hapo hotuba ikawa ya watu wawili. Dakika nne, pengine tano. Hata wapishi walitoka jikoni wakasimama na miiko yao.

Ya pili ilikuwa ya mheshimiwa. Jina halitatusaidia. Sauti yake ni ile ya kutangaza mpira redioni, mikono yake inajua pa kwenda, na anatembea mbele ya watu kama anayepima shamba. "Mko pamoja na mimi?" Ndiooo. "Niseme nisiseme?" Semaaa. "Mnataka maendeleo ama hamtaki?" Nilihesabu maswali kumi na moja kwa dakika kumi na tano, na hakuna hata moja lililokuwa swali. Magari yalipoondoka nilimuuliza jirani yangu mheshimiwa amesema nini hasa. Akafikiri kidogo. "Ameongea vizuri sana," akanijibu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na walimu wa kusema hadharani unapoanzia. Ukifungua simu sasa hivi utawakuta: kijana wa Nairobi na suti ya buluu, mwanga wa duara machoni, anakufundisha namna ya kusimama, namna ya kutazama, namna ya kutua sekunde mbili kabla ya neno zito. Wengi wao ni watoto wa PLO Lumumba wa kujizalia wenyewe. Wameokota mdundo wake na Kiingereza chake cha kanzu ndefu, wakaacha kusoma alikosoma. Na kabla ya TikTok kulikuwa na shule ya msingi. Sisi sote tulifundishwa kukariri shairi kwa mkono mmoja kifuani na mwingine angani, kupiga goti kwenye neno "mama", kunyoosha kidole kwenye neno "Kenya". Hadi leo ukisikia mtu akianza na "waalimu wangu wapendwa" mkono wako unapanda wenyewe.

Sisemi mafunzo hayo ni uongo. Mtu anayemeza maneno hasikiki, na anayesoma kwa haraka anawachosha watu kabla hajafika ukurasa wa pili. Ila yote yanamhusu msemaji: koo lake, macho yake, mabega yake. Yule msichana wa Uriri alikosa yote hayo na bado alishika hema nzima. Mheshimiwa alikuwa nayo yote. Kwa hivyo kinachofanya kazi kiko mahali pengine, na kwa maoni yangu kiko kwenye nafasi anayoachiwa msikilizaji, na kama nafasi hiyo ni ya kweli au ni ya kuchezewa.

Jambo hili si geni kwetu. Lugha ya Kiswahili imetuwekea aina mbili za majibu tangu utotoni. Aina ya kwanza ni ya hadithi: paukwa, pakawa. Mwenye hadithi anajua utajibu nini, na wewe unajua, na jibu halibadiliki hata mkilirudia miaka mia. Kazi yake ni kuwaamsha walio usingizini na kuwaambia tuko hapa pamoja. Aina ya pili ni ya kitendawili. Mmoja anasema kitendawili, wengine wanasema tega, na kutoka hapo mwenye kutega hana uhakika tena. Mtu anaweza kutegua mara moja akamharibia mchezo. Anaweza kuleta jibu lisilotarajiwa likawa bora kuliko lake. Wakishindwa wote, lazima waulizwe, na lazima atake kupewa mji ndipo afumbue. Kuna biashara pale, kuna kutoa na kupokea. Mheshimiwa wa Uriri alikuwa mtu wa paukwa. Msichana alitega bila kujua, na alipoteguliwa hadharani akakubali kuteguliwa.

Wajaluo nao wana shule yao ya mambo haya, inaitwa pakruok. Mpiga nyatiti au bendi ya benga iko katikati ya wimbo. Mtu anainuka, anatoa pesa, muziki unashuka, naye anachukua nafasi ajisifu: yeye ni nani, mjukuu wa nani, rafiki wa nani, anapenda nini kuliko watu wote wa Ndhiwa. Anaweza kupinda lugha anavyotaka, kutaja ng'ombe, ziwa, wakwe zake, gari ambalo hajanunua. Akimaliza, muziki unapanda tena, na mwimbaji mwerevu huliingiza jina lake kwenye ubeti unaofuata. Ona kilichotokea. Mwenye jukwaa amekatizwa, na kukatizwa kwenyewe ndiyo sanaa. Hakuna anayesema "naomba tuheshimu mzungumzaji". Mwanamuziki asiyeweza kukatizwa hapati pesa, na tena hana ladha, kwa sababu watu walikuja kusikia majina yao wenyewe yakirudi kwao yakiwa yamepambwa.

Sasa chukua watu waliolelewa na pakruok, uwaketishe juani saa tatu wasomewe karatasi. Hapana bana.

Ndiyo maana siasa ya huku iliwahi kutoa wasemaji hodari, na ndiyo maana kuwapima kwa sauti peke yake ni kuwapunja. Anza na aliyekuwa mkubwa wao, ingawa nyumbani kwake ni Bondo, kaunti jirani. Raila Odinga, aliyefariki 15 Oktoba 2025, hakuwa msomaji mzuri wa hotuba. Mpe karatasi ya Kiingereza na ungeona mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe kwa jiwe, akihofia kuteleza. Mnyang'anye karatasi, mpe uwanja, na anakuwa mtu mwingine. Alitangaza siasa kama mechi: fulani kampa fulani pasi, fulani kapiga chenga, na umati ndio uliomalizia goli. Na alikuwa na kitendawili chake. "Kitendawili!" angesema, na uwanja mzima, wazee kwa watoto, ukarudisha "Tega!" Mwaka 2002, tarehe 14 Oktoba pale Uhuru Park, alihitaji maneno mawili tu, "Kibaki Tosha", na hesabu za uchaguzi wa nchi zikageuka siku hiyo. Maneno mawili yasiyo na kitenzi kilichokamilika! Mwalimu wa sarufi angeyakata kwa kalamu nyekundu. Lakini yaliacha nafasi kubwa ambayo kila mtu aliijaza mwenyewe: atosha kwa nini, amtoshe nani, tosha kuliko yupi.

Hata hivyo nitasema ambalo halisemwi sana huku kwetu. Miaka ya mwisho, kitendawili cha Baba kilikuwa kimegeuka paukwa. Watu walipiga kelele za "tega" kwa furaha ya kuwa pamoja naye, naye akatega na kutegua mwenyewe pasipo kungoja, na kila mtu alijua jibu tangu nyumbani. Ilikuwa tamu. Niliipenda. Lakini ilikuwa imeacha kuuliza.

Otieno Kajwang', mbunge wa Mbita kisha seneta wa kwanza wa Homa Bay hadi kifo chake Novemba 2014, alikuwa mtu wa paukwa kwa makusudi kabisa, na sioni aibu ndani yake. Yeye hakuanza kusema, alianza kuimba. Wimbo wake wa mapambano ulijulikana na watoto waliokuwa hawajui mapambano ni nini. Kajwang' alikuwa wakili, aliyeweza kupanga hoja kama mtu mwingine yeyote, ila alielewa kwamba mkutano wa hadhara una mwili kabla haujawa na masikio. Watu wamesimama tangu asubuhi, wana njaa, jua linawaka, wako mbali na spika. Uwape kwanza pumzi yao. Wakishaimba kwa sauti moja ndipo useme, na useme kwa ufupi. Jibu la wimbo halibadiliki, ndiyo, lakini Kajwang' hakujifanya kwamba anauliza swali. Hilo ndilo linalomtofautisha na mheshimiwa wetu wa "mko pamoja na mimi". Mmoja alisema tuimbe, tukaimba. Mwingine anasema nijibuni, na hataki kujibiwa.

Tuvuke sasa twende Migori mjini, kwa Junet Mohamed, maana huyu ndiye anayenishughulisha zaidi. Amekuwa mbunge wa Suna East tangu 2013. Ni Msomali wa Migori anayezungumza Kijaluo kama aliyekinyonya, na tayari hapo kabla hajasema kitu ana kitendawili usoni. Watu wasiomjua wanatazama sura, wanasikia lugha, wanachelewa nusu sekunde kuunganisha. Junet anaijua nusu sekunde hiyo na anaitumia kila mara. Husema kitu cha kawaida kabisa kwa uso mkavu, hutua, huwaacha mlete kicheko wenyewe, na anapokipokea hujifanya hajui mnacheka nini. Akiingia Kiswahili anaingia na kile cha mpakani, cha watu wanaofanya biashara Sirare, akirudi Kijaluo anarudi na methali, na Kiingereza anakitia pale tu anapotaka kuonyesha kitu cha kuchekesha kuhusu wenye Kiingereza.

Kazi yake bora kuliko zote, kwangu mimi, ni sentensi ambayo haikukamilika. Tarehe 31 Mei 2014 Raila alikuwa amerudi kutoka Marekani, na Uhuru Park imejaa. Junet akasimama, na badala ya kuhutubia umati akamhutubia mtu mmoja: "Baba, while you were away..." Halafu orodha ya yaliyoharibika nyumbani mzee akiwa safarini. Fikiria ufundi wake. Kwanza, maelfu ya watu wamegeuzwa kuwa watoto waliobaki nyumbani, na kila mtoto anajua raha ya kumsubiri mzazi mlangoni na mashtaka. Pili, amewaachia wasikilizaji kazi ya kusikiliza mazungumzo yasiyo yao, na binadamu husikiliza zaidi asipoambiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, baada ya ile koma kuna shimo. Yeyote anaweza kulijaza. Na Wakenya walilijaza. Miaka iliyofuata, kila Raila aliposafiri, mtandao wote ulikuwa unamripotia Baba: bei ya unga, matokeo ya Gor Mahia, ndoa zilizovunjika, stima iliyokatika. Junet alikuwa ameshuka jukwaani zamani na hotuba bado inasemwa na watu asiowajua. Hicho ndicho kitendawili chenye tega ndani yake. Sijui mheshimiwa mwingine wa kizazi chake aliyeacha sentensi watu wakaikalia kama nyumba yao.

Lakini huyo huyo ndiye anayenionyesha ufundi huu unavyoweza kuoza. Sikiliza klipu zake za siku hizi. Kicheko kinakuja haraka zaidi, na kinakuja hata anaposema jambo linalohitaji maelezo. Anaulizwa kuhusu uamuzi mzito wa chama, anatoa mzaha unaomfanya yeye mwenyewe awe mjanja wa mtaa, watu wanavunjika mbavu, na swali limeondoka na kicheko. Kicheko ni jibu, sikatai. Tabu yake ni kwamba humlipa msemaji hapo hapo kama pesa taslimu, na mtu aliyelipwa haoni sababu ya kuendelea kudaiwa. Wachekeshaji wote wanaijua hatari hii. Wanasiasa wachache wanaijali.

Mtu aliyeijali, au angalau aliyekataa kulipwa mapema, amelala kisiwani Rusinga. Tom Mboya. Ukitoka Mbita unavuka, na kaburi lake lipo huko. Mjini Homa Bay chuo kikuu kina jina lake. Vijana wengi wanamjua kama picha: suti, mashavu ya kitoto, risasi ya 5 Julai 1969. Wachache wanamjua kama msemaji, na ni hasara, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kipaji cha kukata. Kuna kisa cha ujana wake, alipokuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji la Nairobi: bibi mmoja wa Kizungu aliingia ofisini, akamwona yuko peke yake, akauliza kama hakuna mtu humu ndani. Mboya hakupandisha sauti. Alimuuliza kwa upole kama macho yake yana tatizo. Basi. Swali juu ya swali, na mwenye kulijibu ni yeye mgeni.

Desemba 1958, akiwa na miaka 28, alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamezoea kuita kugawana kwao bara letu "Scramble". Mboya alilichukua neno lao, akalikata mkia, likabaki "Scram": ondokeni. Hakuongeza kitu. Ni mzaha wa Kiingereza na hautafsiriki vizuri, ila kinachonivutia ni kwamba alimlazimu msikilizaji afanye kazi ya kuona neno moja likizaliwa ndani ya lingine. Ukishaliona huwezi tena kulisikia lile la kwanza kwa amani.

Na miaka mitatu kabla ya hapo, Machi 1955, alikuwa Mombasa katika mgomo wa wafanyakazi wa bandari. Aliwaambia watu wenye hasira ya haki warudi kazini wakati mazungumzo yanaendelea. Hebu jaribu wewe kusimama mbele ya watu waliogoma uwaambie warudi kazini. Hapo sauti nzuri haikusaidii kitu. Hapo unasema sentensi, halafu unanyamaza, na katika kunyamaza huko wanaweza kukuzomea, wanaweza kukurushia mawe. Kutua kwa Mboya hakukuwa kule kwa kijana wa suti ya buluu, sekunde mbili za kupendeza. Kulikuwa kutua kwa mtu anayesubiri hukumu.

Nimelifikiria hili sana tangu 1 Juni 2025. Siku hiyo Homa Bay ilipata Madaraka Dei yake ya kwanza, sherehe za kitaifa, katika uwanja unaoitwa Raila Odinga. Mada ilikuwa uchumi wa bahari na maziwa, mahali pazuri kabisa pa kuizungumza, maana ukitupa jiwe unalisikia likiingia Nam Lolwe. Rais akafanya wanavyofanya marais wetu wote tangu Jomo Kenyatta: akasoma karatasi ndefu ya Kiingereza, yenye miradi na tarakimu, na watu wakapiga makofi pale walipohisi panafaa. Sote tunaijua desturi hii na tunaisubiri sehemu yake ya pili, karatasi ikishawekwa kando na Kiswahili kikaingia, mabega yakalegea, mizaha ikaanza, na uwanja ukaamka. Tunasema, "sasa ndiyo anaongea". Ni kweli. Lakini tazama mgawo ulivyo. Yale yatakayotugharimu yanasomwa kwa lugha na kwa mtindo ambao hauachi nafasi ya mtu kusema "rudia hapo". Yale yanayotuchekesha ndiyo tunayoachiwa tuyajibu. Tumepewa tega kwenye mzaha, tukanyimwa kwenye bajeti. Mara moja tu ninayoikumbuka mambo yalipinduka, 5 Julai 2024, rais alipoingia kwenye mazungumzo ya X na vijana baada ya maandamano ya mswada wa fedha. Ghafla akawa mtu anayeulizwa na watu wasiosoma maswali waliyoandikiwa. Hakuwa na sauti mbaya siku ile. Alikuwa hajazoea nafasi ile.

Siku sita baada ya sherehe za Homa Bay, katika kaunti ile ile, polisi walimkamata Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, kwa madai ya kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi mtandaoni. Wakamsafirisha hadi Nairobi siku hiyo hiyo. Kufikia tarehe 8 Juni alikuwa amefariki akiwa mikononi mwa kituo cha Central.

Nitaisoma taarifa ya polisi kama mkosoaji, maana nayo ilikuwa hotuba, ilisomwa na mtu mbele ya watu. Ilisema aliumia kwa kugonga kichwa ukutani ndani ya seli. Ilipofika kwenye habari za Kiswahili ikawa neno moja: alijigonga. Hebu lisikilize. Mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na mtu huyo hawezi kuulizwa. Kiambishi kidogo, -ji-, kimefunga milango yote na kuzima taa. Kwa ufundi wa kutamka hakukuwa na kosa. Ilisomwa kwa utulivu, kwa sare, kwa sauti ya ofisi. Ndiyo aina ya usemi ninayoiogopa kuliko mheshimiwa yeyote wa matangani, kwa sababu mheshimiwa angalau anajifanya anataka jibu.

Kisha baba yake akasema, mbele ya kamera, huko huko Nairobi. Hakuna mtu aliyemfundisha kusimama. Alisema waliokuja nyumbani kwake. Alisema huyu ni mtoto wake wa pekee. Alisema amesafiri na hati ya shamba, akidhani labda itamsaidia kumtoa kijana kwa dhamana. Hati ya shamba! Katika hotuba zote nilizosikia mwaka ule, zikiwemo za uwanjani zenye mabilioni ndani yake, hakuna kitu kilichotajwa kikaonekana machoni kama karatasi ile. Mzee amebeba ardhi yake yote mfukoni kwa mamia ya kilomita, apate mtu wa kumpokea. Hakuitumia kupamba maneno. Aliitaja tu kama mtu anayeeleza safari yake, akaiacha hapo, na nchi nzima ikabaki imeishika bila kujua iiweke wapi. Yule msichana wa Uriri alifanya hivyo hivyo alipoinamisha karatasi yake: alitupa kitu halisi mikononi mwetu akangoja.

Uchunguzi wa maiti ulipotoka, daktari alikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa, na alama ambazo mtu hajiwekei mwenyewe. Tarehe 11 Juni inspekta jenerali Douglas Kanja akaketi mbele ya maseneta na kuomba radhi kwa ile habari ya ukuta. Ukiitazama klipu hiyo, usitazame uso wake tu. Tazama mpangilio wa chumba: watu wana haki ya kumkatiza, kumrudisha nyuma, kumwambia jibu swali. Sentensi ile ile iliyosimama imara siku mbili zilizotangulia ilipewa nafasi ya kujibiwa, na haikuvumilia.

Tarehe 3 Julai mwili uliporudishwa Homa Bay, waombolezaji walilipeleka jeneza hadi kituo cha polisi cha Mawego, mahali Ojwang alikopelekwa kwanza kabla ya safari ya Nairobi, na kituo kikachomwa moto. Siusifu moto huo. Lakini mtu akiniuliza ile "alijigonga" iliyosomwa kwa utulivu Nairobi ilikuja kujibiwa wapi na wasikilizaji wake wa kwanza, wale wa nyumbani kwa marehemu, nitamwambia ilijibiwa Mawego.